Usikimbilie kukata kufuli lenye kutu

MPENZI msikilizaji, leo naomba uniruhusu niweke kando bei ya sukari na foleni za magari, nizungumze nawe juu ya kitu kidogo ambacho bila shaka unacho mlangoni pako, nacho ni kufuli. Wala si kufuli jipya linalong'aa dukani. Nazungumzia lile kuukuu, jekundu kwa kutu, ambalo ufunguo wake ama haujulikani uliko, ama upo lakini hauzunguki, na ambalo mwenyewe amekwisha kulitupia kwenye kopo pamoja na misumari iliyopinda.

Mimi huyakusanya makufuli ya namna hiyo nikayafufua. Ni mapumziko yangu baada ya kelele za studio. Mke wangu anayaita ugonjwa. Mjumbe wa shina letu alipata kuniuliza, kwa adabu lakini akinitazama usoni, mtu mwenye mlango mmoja anafanya nini na makufuli arobaini. Swali lake lilikuwa la haki, na nitalijibu kabla sijamaliza.

Nilianza mwaka 2016, na sikuanza kwa kupenda. Mama yetu alifariki mwaka huo kule Tanga, akatuachia sanduku la bati, lile la kijani la zamani ambalo wengi wetu tuliligonga magoti utotoni. Sote tuliamini kuwa ndani yake mna stakabadhi za kiwanja chake, na kiwanja chenyewe kilikuwa na maneno, kwani jirani alishaanza kusogeza ua. Ufunguo tulikuwa nao. Mama alikuwa akiufunga katika pindo la khanga, na tuliukuta humo humo. Uliingia vizuri katika tundu la kufuli, ukagota. Haukuzunguka hata kidogo.

Kaka yangu mkubwa akaagiza tindo na nyundo. Mimi nikaomba nipewe wiki mbili. Akanitazama, akasema, "Mdogo wangu, unangoja nini? Au kuna kitu unakijua humo ndani?" Watu wa msibani walikuwa bado wamekaa kwenye mikeka, wakasikia. Nakuambia msikilizaji, maneno yale yaliniuma kuliko ningetukanwa. Lakini nilikuwa nimelala miaka mingi katika chumba kile, na mlio wa kufuli lile likifungwa ndio uliokuwa ukituambia kwamba mama amemaliza kazi za siku. Sikutaka kusikia likipasuliwa.

Tukakubaliana kwamba sanduku likae chumbani kwa shangazi, ufunguo ukae kwa kaka, na mimi niruhusiwe kuligusa kufuli shangazi akiwapo tu. Hayo ndiyo yalikuwa masharti, nikayakubali.

Asubuhi yake nikaenda Ngamiani kwa mzee mmoja mchonga funguo. Nikamweleza. Alichonifundisha siku ile juu ya makufuli ndicho msingi wa haya nitakayokueleza, mengine nimeyajua baadaye kwa kusoma na kwa kuharibu.

Kwanza tujue ndani ya kufuli mna nini. Makufuli mengi ya zamani ya chuma yana vibamba vyembamba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kama karata. Kila kibamba kimekatwa pengo, na kila kimoja kinasukumwa chini na springi yake. Ufunguo ukizungushwa, meno yake huviinua vibamba, hiki kwa kiasi chake na kile kwa kiasi chake. Mapengo yote yakikaa mstari mmoja, komeo dogo la ndani hupata njia ya kupita, na ile pete ya juu, tunayoweza kuiita upinde, huachiwa. Kibamba kimoja kikiinuliwa pungufu, hakuna njia. Kikiinuliwa kupita kiasi, vile vile hakuna njia. Ujanja huu wa kumzuia hata anayezidisha ulisajiliwa Uingereza na Robert Barron mwaka 1778, na makufuli mengi ya aina hii unayoyaona yameufuata tangu hapo. Ukikuta kufuli limepigwa muhuri wa maneno "Four Levers" au "Six Levers," linakuambia idadi ya vibamba hivyo, na kadiri vinavyozidi ndivyo kufuli linavyokuwa gumu kudanganywa.

Sasa kutu. Wengi hudhani kutu ni uchafu unaotoka nje ukaganda juu ya chuma. La hasha. Kutu ni chuma chenyewe kilichogeuka. Chuma kikikutana na maji na hewa kwa pamoja, kinaungana na oksijeni na kuwa unga mwekundu. Kikikosekana kimoja kati ya viwili hivyo, kutu haipatikani. Chumvi huongeza kasi, kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, na kushika kutu kwa hakika ni kazi ya umeme mdogo sana unaotembea juu ya chuma. Ndiyo maana kufuli la Dodoma huzeeka polepole, na lile la Tanga au Unguja, linalopulizwa upepo wa bahari mchana na usiku, likachakaa upesi.

Ubaya mwingine wa kutu ni kwamba huvimba. Ile kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa. Katika bati la paa hilo si tatizo kubwa, lakini ndani ya kufuli, ambamo kipande na kipande vimeachiana nafasi ya unene wa karatasi, kutu kidogo tu hubana kila kitu kama kabari. Vibamba vyenyewe mara nyingi ni vya shaba, navyo havishiki kutu. Shaba hugeuka rangi ikawa kahawia au kijani, na ile rangi huikinga. Kinachobana ni upinde, komeo na springi, ambavyo ni vya chuma.

Kwa hiyo, mtu anapouingiza ufunguo ukakataa, naye akauongeza nguvu kwa koleo, anafanya kosa kubwa kuliko yote. Ufunguo huo mara nyingi ni wa shaba au chuma laini. Utakatika. Kipande kitabaki ndani, na hapo mlango wa mwisho wa heshima utakuwa umefungwa. Yule mzee wa Ngamiani aliniambia, "Kufuli lenu halijafa, limekaukiwa. Nyinyi ndio mnaotaka kuliua."

Kufuli la mama lilikuwa na shida moja ya ziada: lilikuwa limening'inia sandukuni, hivyo sikuweza kulitia katika ndoo wala chungu. Ilinibidi nilitibu pale pale lilipo. Nilianza kwa kusafisha tundu la ufunguo kwa kijiti cha ufagio. Kikatoka kitu kama udongo wa mfinyanzi, na kumbe ni nyumba ya nyigu. Nyigu wanapenda sana matundu ya makufuli, wala si ajabu ukakuta kufuli limegoma kwa sababu ya tope lao na si kwa sababu ya kutu. Kisha nikatia dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, tone moja moja, katika tundu na pale upinde unapozama mwilini. Mafuta mepesi hupenya katika nyufa ambazo jicho halizioni. Mazito, kama grisi, hubaki nje yakitazama.

Nilitia asubuhi na jioni. Baada ya kutia, nililigonga kufuli kwa mpini wa kisu, pole pole, kama mtu anayebisha hodi. Mgongo huo mdogo huipasua kutu ikaacha nafasi ya mafuta kupita. Siku ya nne shangazi akaniuliza kama kweli nategemea kitu. Siku ya saba kaka akapiga simu kuuliza tindo alileta nani. Siku ya 11 alikuja mwenyewe na ufunguo, akaujaribu, ukasogea robo ya kucha. Akautoa akautazama, kama kwamba ufunguo ndio uliobadilika. Nikamwomba asiulazimishe, bali auzungushe mbele na nyuma, mbele na nyuma, huku mimi nikitia matone. Ukazidi kusogea. Baada ya muda ambao sikuupima, upinde uliruka kwa mlio ule ule.

Stakabadhi zilikuwamo, zimefungwa katika bahasha ya kaki, salama. Lakini juu ya vitu vyote palikuwa na khanga mpya ya mama, ambayo hakuwahi kuivaa, na katikati yake palikuwa na doa kubwa la dizeli. Ni mimi niliyelitia. Siku zote 11 nilikuwa nikitia mafuta bila kufikiri yanakwenda wapi baada ya kupita katika kufuli, kumbe yalikuwa yakifuata pete ya sanduku na kuingia ndani. Khanga ile ilifuliwa mara nyingi, doa halikutoka. Hivyo basi, ukiwa na kufuli linaloning'inia juu ya kitu cha thamani, fungia mfuko wa plastiki nyuma yake na weka kitambaa chini yake kabla hujatia hata tone moja.

Kufuli lililokwisha toka mlangoni lina njia zaidi. Siki ya kawaida ya dukani hula kutu. Lizamishe usiku mmoja, asubuhi utakuta tope jeusi la kusugulika kwa mswaki. Ila siki haina macho. Ikimaliza kutu huanza kula chuma kizima, na shaba ikikaa humo muda mrefu huanza kugeuka ya waridi kwa sababu zinki yake inatolewa. Kwa hiyo usiliache ukasafiri. Likitoka, lisuuze kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki, kisha likaushe mara moja juani au karibu na jiko. Ukiliacha na umajimaji, kutu mpya hurudi kabla hujamaliza kunywa chai.

Magadi hayo hayo, yale tunayotia katika maharage yalainike, na ambayo wenzetu wa Kenya wamekuwa wakiyachimba katika Ziwa Magadi kwa zaidi ya miaka mia moja, ndiyo dawa ya njia ninayoipenda kuliko zote. Unachukua ndoo ya plastiki, maji, kijiko kimoja cha chakula cha magadi kwa kila lita, na chaja ya betri ya gari. Waya hasi unaufunga kwenye kufuli. Waya chanya unaufunga kwenye kipande cha chuma chakavu. Vyote viwili unavizamisha bila kugusana, kisha unawasha. Povu jepesi huanza kutoka kwenye kufuli, na kutu hulegea bila chuma kizima kuliwa. Baada ya saa kadhaa maji yanakuwa kama ya mto uliofurika, nalo kufuli linatoka jeusi, tayari kwa brashi.

Hapa kuna hatari tatu, na tafadhali usizipuuze. Lile povu ni hewa ya haidrojeni, ambayo hulipuka ikikutana na moto, kwa hiyo ifanye kazi hiyo nje, mbali na jiko na sigara, na uzime chaja kabla ya kugusa kitu. Pili, kile chuma cha upande wa chanya kisiwe cha aina isiyoshika kutu, kama vijiko na sufuria zinazong'aa, kwani hutoa sumu ya kromiamu katika maji. Tatu, usikosee waya. Mimi nilikosea mara moja. Niliunganisha kinyume, nikaenda kulala, na asubuhi nikakuta kufuli langu limeliwa kama kipande cha mhogo kilichoshambuliwa na mchwa, ilhali kile chuma chakavu kimetakata.

Tindikali ya betri, ambayo baadhi ya vijana huitumia kwa haraka, siipendekezi kabisa. Hula kila kitu, pamoja na macho yako.

Baada ya kutu kuondoka ndipo mabingwa wa kung'arisha huingia na kuharibu. Huchukua msasa au mashine ya kusagia wakalipiga kufuli hadi linang'aa kama kijiko cha harusi. Maandishi yote yanafutika. Na maandishi ndiyo historia yake. Humo ndimo utakapojua kama kufuli limetoka Willenhall, mji mdogo wa Uingereza ambao mafundi wake waliinamia meza za kazi hadi wengi wakawa na vibyongo, au Aligarh ya India, ambako hadi leo kutengeneza makufuli ni kazi ya mji mzima, au ni yale ya Kichina yenye alama ya duara tatu ambayo kila duka la vifaa hapa nchini limewahi kuyauza. Mimi hutumia brashi ya nyuzi za shaba, ambayo ni laini kuliko chuma, kisha najizuia. Kwa kufuli la chuma tupu, nalichemsha katika maji safi kama nusu saa. Kutu nyekundu iliyobaki hugeuka nyeusi, na ile nyeusi ni imara, haiendelei kula. Nalifuta mafuta, kwisha. Halitazamiki kama jipya, na sitaki litazamike hivyo.

Mafuta ya kutia ndani ni ya cherehani, matone mawili au matatu. Watu wengi hutia mafuta ya kupikia. Siku hiyo ufunguo huteleza kama uliopakwa sabuni, lakini baada ya miezi mafuta yale huganda yakawa gundi, yakakamata na vumbi, na kufuli likagoma upya. Asiye na mafuta ya cherehani na asage risasi ya penseli, apulize unga wake tunduni. Unga huo hauvuti vumbi.

Sasa jibu la mjumbe. Makufuli yangu mengi nayapata Gerezani, Kariakoo, kwa wauza vyuma chakavu, ambako hupimwa kwa kilo pamoja na bawaba na minyororo. Kwanza napitisha sumaku niliyoing'oa katika spika mbovu, maana siku hizi kuna makufuli ya chuma yaliyopakwa rangi ya shaba, na sumaku haidanganyiki na rangi. Kisha natazama upinde. Upinde mzima wenye kutu sawasawa ni wa kufuli lililotupwa. Lakini ukiona umekatwa, na pale ulipokatwa bado panang'aa, jua kwamba kuna mlango mahali fulani katika jiji hili ulioamkia wazi. Kufuli la namna hiyo silinunui hata nikipewa bure, na nimewaambia wauzaji sababu. Mmoja alicheka. Mwingine, nadhani, alinielewa, kwa kuwa tangu siku hiyo haniletei.

Wala silifungui kufuli la mtu asiyeweza kunionyesha mlango wake. Majirani walipojua ninachokifanya walianza kuja na makufuli ya mageti, ya mabanda na ya masanduku, na mara mbili wamekuja watu nisiowajua, usiku, na kufuli lisilo na ufunguo. Hao niliwaelekeza kwa mjumbe. Nilipomweleza mjumbe hayo, alitikisa kichwa, akanywa chai yake, na juma lililofuata akaniletea kufuli la ofisi ya shina.

Unaweza kuuliza, je, kufuli lililofufuliwa linafaa kufungia? Inategemea. Kama springi zimeoza, liweke kabatini ulitazame. Kama upinde umeliwa ukawa mwembamba katikati, usilipeleke mlango wa barabarani, kwani mkasi wa vyuma utaukata kama ukambaa. Lakini kufuli zito la vibamba sita, lililofanyiwa kazi kwa subira, bado linaweza kumkatisha tamaa mwizi wa kawaida. Na huyo asiye wa kawaida hazuiliki na jipya wala kuukuu. Kule London kampuni ya Bramah iliweka kufuli lake dirishani tangu mwaka 1790 na kuahidi gini 200 kwa atakayelifungua bila ufunguo. Lilikaa humo zaidi ya miaka 60. Mwaka 1851 akaja Mmarekani, Alfred Charles Hobbs, akalifanyia kazi kwa jumla ya saa 51 zilizogawanyika katika siku 16, na likafunguka. Hakutumia nyundo.

Kufuli la mama lina siku 11, nami najiona sikufanya vibaya sana.

Kiwanja tulikimaliza mwaka uliofuata, kwa stakabadhi zile, na jirani akarudisha ua wake. Kufuli alilichukua kaka. Sikubisha, maana ndiye aliyeuzungusha ufunguo. Nilidhani atalitia kabatini, kumbe amelifunga kwenye banda la kuku, nje, kunakopigwa na upepo wote wa bahari. Kila nikienda Tanga nabeba kichupa cha mafuta ya cherehani. Safari iliyopita nilikuta amenitangulia, amekwisha kulitia mwenyewe, akanionyesha jinsi ufunguo unavyoteleza. Nikanusa. Alikuwa ametia mafuta ya nazi.